MAFUTA YANA NASABA

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwenzetu mmoja, mwenye duka, mbele ya wanachama wa visiwani wanaoishi Nachingwea na Ruangwa.)



Mwaweza kuniuliza: sisi tulioko Nachingwea na Ruangwa, mbali na pwani, yatuhusu nini mafuta yamwagikayo baharini? Nitajibu mwisho. Kwanza sikilizeni khabari ya Mauritius.

Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba kisiwani humo. Siku chache baadae ikaanza kuvuja, na kiasi cha tani 1,000 za mafuta zikaingia baharini, zikachafua ufuo na mikoko. Wataalamu wakayachukua mafuta yale wakayapima. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kuwa, zaidi ya miaka mitatu baada ya msiba, mafuta yalikuwa bado yamo katika tope la mikoko, na alama zake zililingana na za meli ile.

Alama hizo ni zipi? Mafuta asili yake ni viumbe vidogo vilivyokufa na kuzikwa chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Ndani yake yamesalia mabaki magumu ya viumbe hao, yaitwayo hopani na sterani. Kila chimbuko lina vipimo vyake vya mabaki hayo, kama kila ukoo ulivyo na nasaba yake. Mafuta yakimwagika, sehemu nyepesi huruka hewani, jua na vijidudu huharibu nyingine, hopani hudumu. Basi mkemia huyapitisha katika chombo cha kutenga sehemu moja moja, na kingine cha kuzipima uzito, kisha hulinganisha lami ya ufuoni na mafuta ya tangi. Zikikhitilafiana, meli hiyo haina kosa. Zikiafikiana, ni vigumu kukana.

Mimi nauza mafuta ya taa. Pua yangu huyapambanua na dizeli, walakini pua haiapi mbele ya hakimu. Tena si kila lami ni ya meli: Wingayongo, karibu na mto Rufiji, ardhi yenyewe hutoa lami. Mwenye meli atasema hiyo ni kazi ya Mungu. Na katika sharia mwenye kudai ndiye alazimikaye kuleta ushahidi. Mvuvi asiye nao hurudi nyumbani na wavu ulioharibika, bila ya fidia.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa visiwani na wawe tayari. Ikionekana lami, itiwe upesi katika chupa safi ya kioo, ifungwe barabara, iandikwe siku, saa na mahali, mashahidi watie saini, iwekwe penye baridi na giza, kisha ikabidhiwe wakuu.

Sasa jawabu yenu. Maji ya wilaya zetu huteremka kwa mito ya Lukuledi na Mbwemkuru mpaka baharini. Mafuta machafu ya magari tumwagayo mitaroni huyafuata, nayo yana alama zake. Siku pwani ya Lindi itakapopatwa na msiba, mkemia akiyakuta ya meli pamoja na yetu, wakili wa meli atatunyoshea kidole. Tusimpe udhuru huo. Tumwage sivyo leo, kesho tutadai kwa uso gani?