Mikono Isiyokamilika: Arshile Gorky na Masahibu Zake



Imeenea miongoni mwa waandikao mintarafu ya sanaa dhana ya kwamba mchoraji aliyepitia ukimbizi utotoni hachori ila msiba wake, na kwamba masahibu aliowapata ugenini ni watazamaji tu wa huzuni wasiyoielewa. Nami, kwa kuwa dhana hiyo ilisomwa mbele yangu katika kongamano moja kwa sauti ya mtu atoaye fatwa, nimeona ni wajibu kuijibu, na shahidi wangu ni mchoraji Arshile Gorky.

Habari zake mnazijua: Mwarmenia wa kando ya ziwa Van, aliyekimbia mauaji ya Waarmenia ya 1915, akafiwa na mamake Shushan kwa njaa mjini Yerevan mwaka 1919, akafika Marekani mwaka uliofuata na kujidai jamaa wa mwandishi Maxim Gorky, ilhali jina hilo hata mwandishi yule hakuzaliwa nalo.

Tegemeo kubwa la wapinzani wangu lilikuwa barua zilizochapishwa na mpwa wake, Karlen Mooradian, zilizojaa machozi ya Armenia na falsafa ya sanaa, ambazo zilinukuliwa miaka mingi hadi Nouritza Matossian, mwandishi wa wasifu wake, na wengineo walipozifuatilia ikabainika kuwa nyingi ni za kubuni. La kustaajabisha ni kwamba barua zimeanguka, walakini tafsiri iliyojengwa juu yake ingali imesimama, wala hakuna aulizaye imesimama juu ya nini.

Mimi naiamini zaidi picha moja ya kamera, iliyopigwa Van mwaka 1912 ili apelekewe baba aliyekwisha hamia Marekani. Mama ameketi, kajitanda kichwa, aproni yake imejaa maua ya darizi. Mtoto kasimama ubavuni, ameshika kishada kidogo cha maua. Sisi tuliolelewa pwani tunazijua picha za namna hiyo: mamangu naye alitupeleka studio, tumevalishwa kanzu za Idi, ili baba aliyekuwa baharini aone kuwa tumekua, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya mpiga picha. Kutokana na picha ile Gorky alichora taswira mbili, moja iko New York na ya pili Washington, akizirudia kwa miaka mingi; na katika hizo darizi yote imefutika, na mikono ya mama imeachwa mabonge meupe yasiyo vidole.

Hapo ndipo wapinzani wangu hupaza sauti: mikono hiyo, wasema, ni mauti ya Shushan. Lakini sahibu yake Willem de Kooning, Mholanzi aliyeingia Marekani mwaka 1926 kwa kujificha melini, na ambaye mamake alikuwa hai, alikuwa akihangaika na mikono iyo hiyo katika picha zake za wanaume za mwishoni mwa miaka ya 1930, akifuta na kurudia. Lau mkono usiokwisha ni kilio cha yatima, de Kooning alikuwa akimlilia nani? Naye Saul Schary, sahibu mwingine, alisimulia jinsi Gorky alivyoiacha rangi ikauke barabara, kisha akaikwangua turubai kwa wembe mpaka ikalainika mfano wa pembe ya ndovu. Kwangu mimi maelezo hayo ya wembe yana ithibati kuliko juzuu zima la barua.

Nakiri kuwa aghalabu masahibu hao walimdhani Mrusi, na mmoja wao, Isamu Noguchi, waliposafiri pamoja kwa gari kwenda California mwaka 1941, alichoka na mwenziwe aliyeona vikongwe wa kijijini katika kila wingu, akamwambia kuwa wingu ni wingu tu. Hoja hiyo ni nzito, nami nimeipima. Hata hivyo nashikilia kuwa Van ilimrudia Gorky kwa sababu palikuwa na mtu kitini pembeni wa kubishana naye, na kwamba angeachwa peke yake na msiba wake, turubai zile zingebaki na darizi kamili, na vidole vyote kumi.