NAFASI HUMKUTA ALIYE TAYARI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi, walimu na watumishi wa chuo kimoja cha ufundi mjini Mombasa, mwanzo wa muhula



Nimeombwa niseme juu ya mambo yajayo mwaka huu, na juu ya nafasi zinazowangojea wanafunzi na watumishi. Sikuja na orodha ndefu ya tarehe, kwa maana tarehe hubadilika, na kazi ya kuzitangaza ni ya ofisi ya chuo. Nataka kuwaeleza jambo ambalo tangazo halisemi. Tangazo la mkopo, au la masomo ya ng'ambo, au la kujifunza kazi kiwandani, hutoka likiwa na majuma mawili au matatu tu mbele yake. Karatasi zinazotakiwa katika tangazo hilo huenda zikahitaji miezi miwili kuzipata. Kwa hiyo mtu anayeanza kujitayarisha siku alipolisoma tangazo amekwisha kuchelewa, hata kama alilisoma siku ile ile lilipobandikwa.

Yafaa kwanza tukumbuke mambo ya zamani kidogo. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Nairobi nayo ilipata Royal Technical College, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na ndiyo leo Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapa kwetu Mombasa, pale Tudor, chuo kilichofundisha ufundi vijana wa Kiislamu kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951, kwa fedha zilizotolewa na Sultani wa Unguja, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora, na serikali. Baadhi ya wazee wa mji hata leo hukiita MIOME. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, chenye kupokea vijana wa kila dini. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Nawatajia hayo ili mfahamu ya kwamba milango hii iliongezeka mmoja mmoja, na kila mmoja uligharimu watu fedha na maneno mengi.

Hapana shaka mmesikia habari ya ndege ya mwaka 1959. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda Marekani, kwa bidii ya Bwana Tom Mboya, Dr. Julius Kiano na wenzao, pamoja na Wamarekani waliochanga nauli. Kufikia mwaka 1963 waliosafiri kwa mpango huo walikuwa wapatao 800. Wengi huisimulia safari hiyo kana kwamba ilikuwa bahati nasibu. Sivyo. Aliyepewa kiti katika ndege ni yule aliyekwisha kuwa na barua ya kukubaliwa na chuo fulani cha huko Marekani. Basi fikirini kijana wa mwaka ule: hana simu, hana mashine ya kuandikia, aandika barua kwa mkono, anunua stempu, angoja jibu majuma mengi, akikataliwa aandikia chuo kingine. Huku nyumbani jamaa zake wanauza mbuzi na kukusanya shilingi moja moja. Habari ya ndege ilipofika, kijana huyo aliitoa barua yake sandukuni. Mwenziwe, ambaye labda alikuwa na akili kumpita, alianza siku hiyo kuuliza anwani za vyuo.

Sasa nitazungumza juu ya mkopo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Mikopo ya masomo katika nchi hii ilianza mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipoweka mfuko wa kuwakopesha wale waliokwenda kusoma vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki. Bodi tuliyo nayo leo, ambayo kila mwanafunzi huiita HELB, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995. Huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi pia, wala si kweli, kama nilivyosikia vijana wengine wakisema, ya kwamba mwanafunzi wa stashahada hana haki ya kuomba. Maombi hufanywa kwa intaneti, na kuyajaza hakuchukui hata saa mbili. Ugumu uko katika vile vitu vinavyoulizwa: kitambulisho chako, namba yako ya mtihani, vitambulisho vya wazazi, wadhamini, na akaunti ya benki.

Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi huulizwa pia cheti cha kifo. Hapa nawaomba mnisikilize. Katika vijiji vyetu watu wengi huzikwa bila mtu kwenda kuandikisha kifo. Msiba hupita, arobaini hupita, na hakuna anayekumbuka karatasi. Sheria yataka kifo kiandikishwe kabla ya miezi sita kwisha. Baada ya hapo huhesabiwa kuwa kimechelewa, na kazi yake huwa ndefu zaidi: barua ya chifu, maelezo ya jamaa, kwenda kwa msajili na kurudi. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa darasa la nne huja kuyakuta hayo yote akiwa na miaka kumi na tisa, na siku za maombi zimebaki tisa. Kama wewe ni mmoja wao, usingoje tangazo. Safiri juma hili hili, au mwandikie mjomba wako aanze kwa chifu. Na ninyi walimu mnaowajua wanafunzi yatima katika madarasa yenu, mwulizeni kila mmoja kwa siri, si mbele ya wenzake, kama cheti anacho.

Tena mkopo ni deni. Riba yake ni asilimia nne kwa mwaka, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ya benki: katika shilingi 100,000 ni shilingi 4,000. Lakini mtu aliyemaliza masomo, wakati wa kulipa ukafika, naye akanyamaza kimya, hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Hesabuni wenyewe. Faini ya mwezi mmoja yapita riba ya mwaka mzima ya hizo laki moja. Asiye na kazi na aiandikie Bodi kueleza hali yake. Kujificha ndiko kunakomgharimu mtu.

Jambo la pili ni kipindi cha kujifunza kazi viwandani. Hapa Mombasa tumebarikiwa kuliko miji mingi, kwa kuwa tuna bandari ya Kilindini, reli, viwanda, hoteli na karakana za kila namna. Lakini wanafunzi wa vyuo vingi hutaka nafasi katika miezi ile ile, na wote huandikia mashirika yale yale mawili au matatu makubwa ambayo majina yao yanajulikana. Karakana ndogo yenye mafundi sita haipati barua hata moja. Mimi naona, na walimu wanaweza kunikosoa, ya kwamba mwanafunzi wa umeme atashika nyaya nyingi zaidi katika karakana ile ndogo kuliko mahali atakapoonyeshwa mashine kwa mbali na kutumwa chai. Pelekeni barua mapema, muulizie bima kabla hamjaulizwa, kwa sababu wakuu wengi wa kazi hawamkubali mwanafunzi asiye na bima ya ajali. Na lile daftari la kazi za kila siku lijazwe kila siku. Mwalimu anayekuja kukagua hutambua daftari lililoandikwa usiku mmoja, kwani wino wake ni mmoja na mwandiko umechoka kuanzia ukurasa wa thelathini.

Michezo na mashindano sitayasemea sana. Tamasha la muziki la Kenya limekuwako tangu mwaka 1927, na lile la maigizo tangu mwaka 1959. Yote mawili yana nafasi za vyuo, na anayetaka kuingia asisubiri muhula wa mashindano ndipo ajifunze kuimba. Kuna pia Maonyesho ya Kilimo ya Mombasa, kule Mkomani. Wanafunzi wa ufundi wasiende huko kutembea na kula viazi tu. Waulize mapema kama chuo kina kibanda, wapeleke kitu walichokitengeneza kwa mikono yao, wasimame karibu nacho wakieleza. Watu wenye kazi za kutoa hupita hapo.

Sasa nawageukia watumishi. Mara nyingi wasemaji wanaokuja vyuoni huwaambia watumishi wawasaidie wanafunzi, kisha huondoka. Karani wa usajili, fundi wa maabara, mtunza maktaba na dereva huzibandika nafasi za wengine mwaka hata mwaka, na hakuna anayewauliza wao wanataka kusoma nini.

Pale Kabete, karibu na Nairobi, palifunguliwa mwaka 1925 shule iliyoitwa Jeanes School. Walimu waliokwenda kufundishwa huko walichukua wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo, na mke naye alifundishwa mambo ya afya na ya nyumbani wakati mumewe alipokuwa darasani. Walioianzisha waliona ya kwamba mtumishi hawezi kuendelea mbele peke yake, nyumba yake ikabaki nyuma. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa chuo cha kuwafundisha maofisa wa serikali, na tangu mwaka 2012 panaitwa Kenya School of Government, ambayo ina tawi hapa Mombasa pia. Huko hufundishwa uongozi wa kazi na usimamizi wa wafanyakazi, na mtumishi wa umma anayetaka kupanda cheo mara nyingi huulizwa cheti cha mafunzo kama hayo. Muulizeni mkuu wenu wa utumishi, mkiwa na ombi lililoandikwa mkononi. Swali la mdomo lililoulizwa koridoni husahauliwa kabla ya chakula cha mchana.

Kwa walimu na watumishi wenye shahada ziko pia nafasi za ng'ambo. Masomo ya Jumuiya ya Madola yaliamuliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959, na wanafunzi wa kwanza walifika Uingereza mwaka 1960. Iko pia Chevening, iliyoanza mwaka 1983. Hii ya pili nawatajia kwa makusudi, kwa maana wengi hudhani masomo ya ng'ambo ni ya vijana waliomaliza chuo jana. Chevening yataka mwombaji awe amefanya kazi saa zisizopungua 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, na humtaka arudi kwao akae miaka miwili baada ya masomo. Basi katika jambo hili mtumishi amemtangulia mwanafunzi. Barua za watu watakaokushuhudia pia huchukua siku. Mkuu wa idara aliyeombwa barua tatu jioni moja ataandika barua tatu zinazofanana, na wasomaji wa huko London si wajinga.

Nina onyo moja. Wako watu katika simu na mitaani wanaouza fomu za masomo ya ng'ambo, na wengine husema wana ndugu ofisini. Kuomba Chevening hakuna ada, wala masomo ya Jumuiya ya Madola hayaombwi kwa kulipa ada. Mtu akikutaka shilingi elfu mbili ili apeleke jina lako, mwombe risiti yenye muhuri, umtazame atakavyoanza kuzungumza habari nyingine.

Najua wako watakaosema: sisi ni maskini, hizi si nafasi zetu. Wazee wa pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nao hawakuwa wakisema habari za matajiri. Bahasha kubwa huuzwa kwa shilingi chache. Ndani yake tia nakala mbili za kila cheti, kitambulisho, vitambulisho vya wazazi au cheti cha kifo, picha nne ndogo, na karatasi moja yenye majina na simu za watu watatu wanaoweza kukushuhudia. Iweke mahali pakavu, maana nyumba zetu nyingi huvuja masika.

Karani wa usajili amekubali kukaa katika meza ile iliyo karibu na mlango mpaka saa kumi na moja jioni. Wasiojua cheti gani kinawapungukia wapange mstari sasa, na wale waliofiwa na wazazi watangulie. Watumishi watamkuta kesho asubuhi, kabla ya saa tatu, ili wasikose kazini.