Maua na Majani ya Viungo Katika Vinywaji vya Sherehe: Usalama Kwanza



Msimu wa harusi ukifika, sharubati hutengenezwa kwa ndoo, na wageni wote huchotewa humo humo. Kosa moja jikoni laweza kuwafikia watu mia kwa muda mfupi. Siku hizi wengi hupenda kutia maua na majani ya viungo katika vinywaji. Ni jambo zuri, mradi lifanywe kwa kujua.

Ipo mimea iliyozoeleka tangu jadi: choya, nanaa, mchaichai, mrehani, tangawizi na petali za waridi. Hii yafaa, ila iwe imepandwa kwa ajili ya kuliwa. Waridi wa dukani, wa shada au wa kupamba ukumbi, hupuliziwa dawa za kuua wadudu, na kuosha hakuondoi dawa yote. Kikuba nacho ni cha kuvaliwa. Asumini na mrehani vilivyokwisha kutiwa manukato visiingizwe kwenye jagi.

Ipo pia mimea ya sumu inayopendeza macho. Oleanda, kichaka chenye majani membamba na maua ya waridi au meupe, hupandwa mbele ya nyumba nyingi. Sumu yake hushambulia moyo, na kuchemsha hakuiondoi. Mnanaha, pamoja na yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, huleta kiu kali, mapigo ya moyo ya kasi na kuchanganyikiwa. Maua haya yasitumiwe hata kwa pambo tu juu ya bilauri, kwani mtoto hatofautishi pambo na chakula.

Wakati wa kutayarisha, fuateni hatua hizi:

1. Oshani mikono kwa sabuni, kisha osheni majani na maua kwa maji safi yanayotiririka. Msitumie mboga zilizomwagiliwa maji taka.
2. Tumieni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Barafu pia itengenezwe kwa maji hayo hayo, kwa kuwa baridi haiui viini vya kipindupindu.
3. Katika maua, tumieni petali pekee. Chavua huwasumbua wenye pumu na mzio.
4. Choya ni chachu. Ichemsheni katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu, si ya alumini.
5. Kinywaji kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2.

Wageni waambiwe kilichomo. Choya huweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amwulize daktari kwanza. Mama mjamzito naye apate ushauri kliniki kabla ya kunywa vinywaji vya mitishamba.

Mtu akitapika, akizimia au moyo ukienda mbio baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja. Asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa. Chukueni kipande cha mmea huo na kinywaji kilichobaki, vimsaidie daktari kujua sumu ni ipi.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa kiza. Ua lisilojulikana jina libaki kwenye ua wa nyumba, na sherehe iishe kwa furaha iliyoanza nayo.