Mkopo Bila Rehani: Nani wa Kuaminiwa?

Maneno ya hotuba kwa wafanya biashara wadogo wa Migori na Homa Bay

Wasikilizaji, katika masoko ya Mbita, Kendu Bay, Awendo na Sori swali moja huulizwa mara kwa mara: mtu asiye na hati ya shamba atapata wapi fedha za kukuza biashara yake? Mama auzaye omena hushuka ziwani alfajiri, hununua, huanika, kisha hupima kwa gorogoro sokoni. Mtaji wake wote ni shilingi elfu chache. Shamba la jamaa lingali katika jina la babu aliyekwisha fariki, wala benki haiwezi kulishika liwe rehani. Basi mama huyo hutafuta mkopo usio na rehani, na katika njia hiyo hukutana na wakopeshaji wema na wabaya pia.

Yafaa ijulikane ya kuwa mkopeshaji wa kweli, akikosa shamba la kushika, hutazama jambo jingine: akiba ya mtu, wenzake watakaomdhamini, au jinsi alivyolipa madeni ya kwanza. Asiyeuliza lolote katika hayo ashukiwe. Na asemaye, "Tuma kwanza shilingi mia tano ili mkopo ufunguliwe," huyo hakopeshi kamwe; anakusanya za watu. Vivyo hivyo anayetaka kukaa na kitambulisho cha mtu au kadi yake ya benki mpaka deni liishe.

Mlango ulio karibu zaidi ni chama cha akiba na mikopo, yaani sacco. Mwanachama huweka akiba kwanza, kisha hukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yake, wenziwe wakimdhamini. Sacco zipokeazo amana husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mamlaka yake, SASRA, hutangaza majina ya zenye leseni. Kwa vikundi vilivyoandikishwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iko Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo mikopo yake haina riba.

Kusaidiana namna hii si jambo geni Nyanza. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, wakachanga mtaji kwa hisa za watu wa kawaida. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyosema kuwa mfanya biashara asiye Mwafrika hawezi kumdai Mwafrika mahakamani zaidi ya shilingi 200, ila kwa hati iliyokubaliwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika. Matokeo yake yalikuwa kwamba wenye fedha waliogopa kumkopesha.

Siku hizi mkopeshaji hukaa ndani ya simu ya mkononi. Tangu Machi 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya humtaka kila mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni, na orodha ya wenye leseni hutangazwa na Benki hiyo. Kanuni hukataza vitisho, matusi, na kuwapigia simu watu ambao majina yao yamo katika simu ya mdaiwa. Kabla ya hapo watu wengi waliaibishwa mbele ya mashemeji na wachungaji wao kwa deni dogo tu.

Riba nayo isisikilizwe kwa sikio moja. "Kumi kwa mia" ni kwa mwezi au kwa mwaka? Aliyekopa shilingi 10,000 kwa kumi kwa mia kila mwezi, akakaa mwaka bila kupunguza deni, atadaiwa riba ya shilingi 12,000, kupita hata fedha alizopewa. Mfuko wa serikali uitwao Hustler Fund, uliofunguliwa Novemba 2022, uliwekewa riba ya nane kwa mia kwa mwaka: shilingi 1,000 kwa siku 14 ni riba ya shilingi tatu hivi. Lakini siku 14 humfaa mpika mandazi, si mnunuzi wa ng'ombe.

Hapo ndipo wauza omena wengi hujikwaa, hata kwa mkopeshaji mwaminifu. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Mama akopaye mwezi wa Machi, malipo yakaanza Mei, atatakiwa kulipa wakati ambapo nyavu za omena zimeanikwa nchi kavu. Kabla ya kutia sahihi na aulize kama malipo yaweza kuanza Septemba. Na jibu aliloambiwa liandikwe katika karatasi ya mkataba, naye apewe nakala yake.