Kiingereza cha Kazini: Neno "charge"

Leo tunalichambua neno charge. Tamka "chaj", bila i mwishoni. Wengi tunalijua kwa kuchaji simu. Kazini lina maana nyingine, na siri yake iko kwenye maneno yanayolizunguka.

Tuanzie nyumba ya wageni. Mji wetu wa Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapa na ya Njombe na Songea. Dereva wa lori kutoka Zambia anashuka usiku na kuuliza: "How much do you charge for a room?" Anataka kujua bei ya chumba. Mjibu: "We charge fifteen thousand shillings a night." Akiomba na chai, sema: "I will charge you for breakfast." Shika hiyo for. Ukisema with badala yake, umemwambia utamshtaki.

Maana with ni ya mahakamani. "He was charged with theft": ameshtakiwa kwa wizi. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, lakini sentensi hii utaikuta kila mara kwenye magazeti ya Kiingereza. Ukiisoma, usimhukumu mtu: kushtakiwa si kutiwa hatiani.

Sasa tuingie wodini, ambako charge si kitenzi tena bali nomino. "The nurse is in charge of the ward": nesi ndiye msimamizi wa wodi, yule tunayemwita inchaji. Lakini sikiliza hii: "The patient is in the charge of the nurse." Imeingia the, na sasa anayetajwa kwanza ndiye anayeangaliwa: mgonjwa yuko chini ya uangalizi wa nesi.

Nawe mwanafunzi wa kidato cha kwanza, uliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa unafundishwa kwa Kiingereza, usiandike charge peke yake daftarini. Andika charge for, charge with, in charge of, kila moja na sentensi ya kazi unayoiona mtaani kwako.

Tujaribu pamoja. Fundi anaziba pancha kwa shilingi 3,000. Jaza pengo: "He charges three thousand shillings... fixing a puncture."

Umesema for? Hongera, umepata. Kipindi kijacho tutasoma discharge, neno linaloandikwa mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani.