Kwa Nini Watoto Wanacheza Soko Darasani

(Mazungumzo ya walimu wa historia kwa wazazi na wanakisomo)



Sisi walimu wa historia tumesikia maneno. Inasemwa kwamba watoto siku hizi hawasomi, wanacheza tu. Inasemwa wanarudi nyumbani wakipiga kelele, "Kusi! Kusi!" huku mifuko imejaa punje za mahindi. Mzazi mmoja amesema, kama ni mchezo, afadhali mtoto wake akalinde ndege shambani. Neno hili ni zito. Kwa hiyo tunalijibu mbele yenu wote.

Tunafundisha habari za Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani yetu ya kusini. Mtoto anaweza kukariri mwaka 1331 kama kasuku. Lakini mwulize ni zamani kiasi gani. Atakuambia, "Babu alikuwa mdogo." Basi tunatoka nje na kuchora mstari mchangani. Hatua moja ni miaka 100. Mtoto anasimama penye leo, anarudi nyuma. Uhuru wa 1961 haufiki hatua moja. Vita vya Majimaji, 1905, ni hatua moja na kidogo. Wareno walipoivamia Kilwa, 1505, ni hatua tano na kidogo. Mwaka 1331 ni karibu hatua saba. Hapo mtoto anageuka, anawatazama wenzake wako mbali, na ameelewa.

Sasa hayo mahindi. Kundi moja la watoto ni watu wa Sofala, kule kusini. Wana dhahabu, yaani mahindi, na pembe za ndovu, yaani vijiti. Kundi jingine ni wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi, wana shanga na vitambaa. Katikati wako watu wa Kilwa, hawana kitu. Mwalimu akiita "Kaskazi!", majahazi yanashuka. Akiita "Kusi!", lazima yarudi kwao. Msimu mmoja hautoshi kufika Sofala na kurudi, kwa hiyo biashara inaishia Kilwa, na Kilwa wanatoza ushuru. Aliyechelewa kusi analala hapo mpaka mwakani. Mchezo ukiisha tunahesabu. Kilwa wana mahindi kuliko wote, na hawakuchimba hata punje moja! Mtoto aliyecheza hivyo, mtihani ukimwuliza kwa nini Kilwa ilitajirika, hana haja ya kukariri.

Lakini lililotushika sana ni jingine. Mwaka ule wa 1331 alifika Kilwa msafiri aitwaye Ibn Battuta, mtu wa Tangier, nchini Moroko. Amesimulia habari za Sultani Hasan, aliyesifiwa kwa ukarimu. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akavua, akampa. Mwanawe akazitwaa tena nguo zile, akampa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe.

Tuliigiza habari hii. Kila mtoto alitaka kuwa sultani. Watumwa hakuna aliyetaka. Ndipo binti mmoja akauliza, "Mwalimu, wale 20 walikuwa wanaitwa nani?"

Tukatazama kitabuni. Jina la sultani limo, hata jina lake la sifa limo. Ya wale 20, hata moja hakuna. Darasa likanyamaza. Tukawaambia: andikeni ambalo mmoja wa wale angesema siku ile. Waliandika mpaka kengele ikapita, hata wale ambao kalamu kwao ni adhabu.

Wako waliotushauri neno utumwa tuliache, litawagombanisha watoto. Hatukubali. Kulificha ni kuwasahau watu wale mara ya pili.

Tena tuna kesi. Katika kitabu imeandikwa kwamba mji ulijengwa kwa miti. Lakini msikiti mkubwa wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu yake yapo hadi leo. Nani mkweli? Watoto wanakaa kama baraza la wazee. Upande mmoja ukasema msafiri alisahau, maana kitabu kilimalizika mwaka 1355, miaka 24 baadaye. Upande wa pili ukasema nyumba nyingi zilikuwa za miti, zikaoza, yakabaki mawe. Sisi jibu hili la pili lilitupendeza zaidi, ingawa kesi hatujaifunga.

Hapa tunawahitaji ninyi. Wazee mnaojua nyumba ya miti na udongo hudumu miaka mingapi, njooni Alhamisi mchana mtoe ushahidi. Wanakisomo mnaosoma kwa sauti, tunataka wawili wasome maneno ya msafiri. Na mama zetu, tunaomba shuka moja kuukuu. Sultani wetu hana nguo ya kuvua.