MIGUU NA CHETI
(Hotuba ya walimu kwa vijana wanariadha wanaokwenda vyuoni)



Leo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamati imetuomba sisi walimu tuseme neno kwa vijana wa mbio wanaojiandaa kwenda vyuoni. Hatukuja na habari za kusikia.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa watatu kutoka kambini, na sote tulikiwakilisha chuo katika mita 800 na 1500. Alfajiri mazoezi, mchana darasani, usiku vitabu. Mwaka wa pili tulishinda, tukateuliwa kuingia timu ya wilaya. Siku ya kuandikishwa tukaulizwa vitambulisho vya uraia. Tulichokuwa nacho ni kadi za mgao wa chakula. Tukarudishwa.

Usiku ule hatukulala. Mwenzetu mmoja alisema masomo hayana maana tena, akaenda mjini kutafuta kocha. Wawili tulibaki, si kwa akili nyingi, bali kwa woga. Mwaka uliofuata mmoja wetu aliumia goti, na mbio zikaishia hapo. Goti hilo mnaliona kila asubuhi likichechemea kwenda darasa la nne. Lisingekuwa cheti, lingechechemea kwenda wapi? Mwenzetu aliyeondoka hajarudi. Hatumcheki, maana angeweza kufaulu.

Ndugu zetu, mlango upo. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, timu ya wakimbizi ilishiriki Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Walikuwa 10, na 5 kati yao ni wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, wakafanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera. Katika mbio, hakuna hata mmoja wa hao 5 aliyevuka mchujo wa kwanza. Lakini hawakuishia hapo: Yiech Pur Biel, mmoja wao, mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Medali ya kwanza ya timu hiyo ilipatikana Paris mwaka 2024. Aliyeileta, medali ya shaba, ni bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun aliyepata hifadhi Uingereza na kusoma chuo kikuu. Kutoka Rio hadi Paris ni miaka 8. Nani kati yetu anaweza kungoja miaka 8 bila kazi mkononi?

Kwa hiyo vijana, kimbieni, lakini kabla ya kumfuata mtu yeyote anayewaahidi mbio, mwulizeni mambo matatu. Nikiumia, nani atanitibu, na je, nitaendelea kusoma? Karatasi zangu atazishika nani? Mwisho wa miaka hiyo nitapata cheti gani? Asiyeweza kujibu, mwageni kwa heshima.

Nanyi wazazi, msimwambie mtoto kwamba mbio ni mchezo wa wavivu. Sisi ada yetu ya mwaka wa kwanza ilipunguzwa kwa sababu ya miguu hiyohiyo.

Kwa mashirika tunaomba moja. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi. Tunaomba maombi ya hati hizo yaanze kushughulikiwa mtoto anapoingia chuo, si wiki ya mashindano. Mbio hazimngoji mtu aliye kwenye foleni.

Kwa Kamati, tunaomba kiwanja cha nyuma ya shule kisijengwe vibanda.

Hatujui kesho yetu itakuwa hapa, nyumbani au ugenini zaidi. Popote itakapokuwa, tungependa mfike mkiwa na pumzi kifuani na cheti mfukoni.